Honestly Haikopeshi Soo

Wasee, hii neno ya kizungu, honestly, zamani ilikuwa ya mababi. Uliiskia Lavi na Kile, mtu akiibonga na tweng yake imetulia. Saa hii hata donda wa mat za Kayole anayo, na anaitumia fiti kuliko mwenye alisomea shule za pesa.

Ile ya darasani inakaanga mwisho: alijibu honestly, yaani hakuficha kitu. Ya mtaa imehama ikakaa mbele. "Honestly, hiyo trao haijakukaa." Hapo sijakwambia ati sidanganyi. Nimekupigia honi tu ndio ujipange, maana kuna kitu chungu inakuja. Kuna ile ya kuvuta, "Honestlyyy," mtu ameboeka, amechoka na wewe. Alafu kuna ile ya pekee yake chini ya stori ya mtu, "Honestly," basi. Maana yake umeongea, sina ya kuongeza.

Sasa jaribu kukopa nayo.

Furahiday jioni, chali ako Rongai, dem ako Umoja, plan ni kukutana tao. Dem anaandika: "Nitumie fare, honestly nakuja." Chali anasoma, anaweka simu chini, anaendelea kupiga pasi shati. Dakika kidogo inaingia ingine: "Aki walai nakuja, nishavaa viatu." Hiyo sasa imegonga. M-Pesa inafunguliwa, soo mbili inaenda, na kutoka hapo simu ya dem ni mteja. Fare imekuliwa. (Machali pia wanakulanga fare, ni vile tu hawatangazwi.)

Unaona vile imeenda? Honestly inashikia dhamana vile unaskia ndani. Haishikii kile utafanya. Ya kufanya inataka kiapo, na kwa viapo mtaa iko mbali.

Anza na walai. Ni wallahi ya Waislamu, kuapa kwa jina la Mungu, imetoka Kiarabu, na leo hata mse wa kwaya ya kanisa anaitupa kila sentensi. Waislamu wengi haiwabambi ikirushwa ovyo hivyo, na mimi nawaelewa. Haki ya Mungu nayo ilizaa haki ya nani, na hii ndio mi hupenda: mtu anataka kuapa, anaogopa kumtaja Mwenyewe, anaacha nafasi wazi ujijazie. Ukikata yote unabaki na aki, yenye haiapi chochote tena. Aki ni ya kuomba. Hesabu tu zile i: "aki nisaidie" ni mbao, "akiiii nisaidie" ni rent.

Juu ya zote iko haki ya mathe, na kidole umelamba ukaelekeza mawinguni. Tangu tukiwa wadogo, ukifanya hivyo base nzima inanyamaza, maana hakuna mse anachezea mathe yake juu ya kalamu imepotea.

Kwa hivyo ukiambiwa "honestly nitakurudishia hiyo thao mwisho wa mwezi," usibishane na mtu. Muulize tu, pole pole, ukimwangalia: "Walai?" Akianza kucheka, rudisha simu mfukoni.