Walijadili bei ya hisa, sampuli hakuna aliyeiona

MFANYABIASHARA wa nafaka anayeijua kazi yake hanunui gunia kwa kulitazama nje. Huchukua bambo akalichoma juu, katikati na karibu na kitako, kisha humwaga punje kiganjani na kuangalia kama mahindi ya chini ni yale yale ya juu. Na bambo hulishika mwenyewe. Muuzaji akisema, "Acha nikuchomee mimi, mzee," mnunuzi mwenye akili huanza kutafuta gunia jingine.

Anayenunua hisa za kampuni inayotafuta madini hana bambo. Mgodi haujachimbwa, eneo liko mbali, na habari zote za kilichomo ardhini zinatoka kwa mwenye mali. Kisa cha kampuni ya Bre-X ya Kanada, iliyovuma kati ya mwaka 1993 na 1997, kinaonyesha jinsi maelfu ya watu wa kawaida walivyojadili hisa zake usiku na mchana, wakakokotoa faida yao hadi senti ya mwisho, ilhali punje za gunia hakuna aliyeziona.

Kwanza msomaji aelewe kampuni za aina hii zinavyoishi. Kampuni inayotafuta dhahabu haiuzi kitu chochote. Haina duka, haina kiwanda, haina mavuno. Fedha za kuchoronga miamba inazipata kwa kuuza hisa, na matokeo ya uchorongaji yakiwa mazuri bei ya hisa hupanda, nayo huuza nyingine na kuchoronga tena. Wakulima wa kahawa wa Kagera wanaijua butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa. Hisa hizi zinafanana na butura, ila hapa anayebeba hatari ni mnunuzi. Tena mnunuzi wa butura anaweza angalau kwenda shambani akauona mti.

Bre-X ilianzishwa na David Walsh, mjini Calgary katika jimbo la Alberta. Kwa miaka kadhaa ilikuwa kampuni ndogo isiyojulikana, hisa zake zikiuzwa kwa senti. Mwaka 1993 mwanajiolojia John Felderhof alimshauri Walsh anunue eneo la Busang, ndani ya msitu wa Kalimantan Mashariki katika kisiwa cha Borneo nchini Indonesia. Bei ya eneo ilikuwa dola 80,000 za Marekani. Kazi ya kila siku porini ilisimamiwa na Michael de Guzman, mwanajiolojia kutoka Ufilipino.

Matokeo yakaanza kumiminika. Mwaka 1995 kampuni ilizungumzia wakia milioni 30 za dhahabu. Mwaka 1996 ikasema zaidi ya milioni 40, na mwanzoni mwa 1997 ikafika milioni 70. Wakia moja ya dhahabu ni kama gramu 31, hivyo milioni 70 ni zaidi ya tani 2,100. Felderhof alifika mahali pa kutaja wakia milioni 200. Kama ingekuwa kweli, huo ungekuwa miongoni mwa migodi mikubwa kuliko yote duniani.

Bei ya hisa ilifuata. Mwaka 1996 kila hisa moja iligawanywa kuwa kumi, na kwa hesabu ya hisa za kabla ya mgawanyo huo bei ilifika dola 286.50 za Kanada. Thamani ya kampuni nzima sokoni ilizidi dola bilioni sita. Kampuni hiyo, tukumbuke, haikuwa imeuza hata gramu moja ya dhahabu.

Hapo ndipo watu wadogo walipoingia kwa wingi. Katika mji wa St. Paul, mji wa wakulima wenye wakazi wapatao 5,000 huko huko Alberta, habari zilisambaa mapema kutoka mdomo hadi mdomo. Mfanyakazi mmoja wa taasisi ya fedha alinunua hisa zingali za bei ya chini, akawaambia jamaa na majirani, nao wakawaambia wengine. Bei ilipopanda mji ukajulikana kote nchini kwa matajiri wake wapya. Mtu akiona jirani yake amenunua trekta jipya kwa fedha za hisa, hahitaji tena kusoma ripoti ya kijiolojia. Ushahidi umeegeshwa uani.

Wengine walikutana kwenye intaneti, iliyokuwa bado changa. Bre-X ilikuwa moja ya hisa za kwanza kujadiliwa kila siku na wanunuzi wadogo wasiojuana. Si haki kuwaita wajinga. Walikuwamo waliojifunza mambo ya miamba, waliosoma kila taarifa ya kampuni neno kwa neno na kupiga hesabu ngumu za gharama za kuchimba. Lakini hesabu zote zilianza na namba zile zile za Busang. Ukizidisha, ukigawanya, ukitoa kodi, namba ya kwanza ikiwa ya uongo jibu nalo ni la uongo, hata kama hesabu yenyewe haina kosa.

Tena mazungumzo ya wenye hisa yana tabia yake. Aliyekwisha kununua anataka kusikia kuwa amefanya vyema. Aliyeuliza swali gumu alidhaniwa ameuza zake na sasa anataka bei ishuke anunue tena kwa rahisi. Kwa hiyo swali lilijibiwa kwa kumchunguza muulizaji, nalo swali likabaki pale pale.

Na maswali yalikuwapo. Lililo kubwa lilihusu mwamba wenyewe. Mchorongaji akitoboa ardhi hutoa mwamba wenye umbo la fimbo ndefu. Desturi ya kazi hiyo ni kuupasua kwa urefu: nusu inapelekwa kusagwa na kupimwa maabara, nusu inahifadhiwa sandukuni ili atakayekuwa na shaka aweze kupima mwenyewe. Hiyo nusu iliyobaki ndiyo bambo la mnunuzi. Bre-X haikuhifadhi nusu. Karibu mwamba wote ulipelekwa kusagwa, kwa maelezo kwamba dhahabu ya Busang imetawanyika kwa chembe zisizo sawa, hivyo sampuli kubwa inatoa kipimo cha haki zaidi. Maelezo hayo yaliingia akilini. Lakini pia yalimaanisha hakuna kitu kilichobaki cha kurudia.

Jingine lilihusu chembe zenyewe. Zilipotazamwa kwa darubini zilionekana kuwa na kingo za mviringo. Mchimbaji yeyote wa Geita anayeosha mchanga kwa karai anajua maana yake: dhahabu iliyosuguliwa na maji ya mto huwa laini, ile inayotoka ndani ya mwamba huwa na kingo kali. Kwa jambo hilo pia yalipatikana maelezo.

Kilichowatuliza wengi zaidi ni majina makubwa. Makadirio ya wakia yalikokotolewa na Kilborn, kampuni ya kihandisi yenye sifa. Benki kubwa zilikuwa zikiishauri Bre-X. Mwaka 1996 hisa zake ziliingia katika soko la Toronto, baadaye katika Nasdaq ya Marekani, kisha zikawekwa katika fahirisi kuu ya soko la Toronto, hivyo mifuko ya pensheni nayo ikazinunua. Serikali ya Indonesia chini ya Rais Suharto ilishinikiza Bre-X iingie ubia na Barrick, ambayo wasomaji wetu wa Kahama wanaijua kwa sababu mwaka 1999 iliinunua kampuni ya Sutton Resources na kuupata mgodi wa Bulyanhulu. Placer Dome nayo ikaitaka Busang. Mwenye hisa mia moja akajiuliza, kama vigogo wanaigombania, mimi ni nani wa kutilia shaka?

Ila Kilborn ilikokotoa kutokana na vipimo ilivyopewa. Haikwenda kuchukua sampuli yake. Maabara ya Balikpapan ilipima kwa uaminifu dhahabu iliyokuwa ndani ya mifuko iliyoletewa. Benki zilisoma ripoti ya Kilborn, wanunuzi wakawasoma wachambuzi wa benki, na vigogo walikuwa wakigombania kitu ambacho hawajakichoronga. Kila mmoja alimwegemea aliye mbele yake, na wa mbele kabisa alikuwa mtu aliyeshika mifuko ya mwamba uliosagwa.

Mambo yaliharibika haraka. Januari 1997 moto uliteketeza ofisi ya wanajiolojia huko Busang pamoja na kumbukumbu zake. Februari mkataba ulitangazwa: Bre-X ibaki na asilimia 45, kampuni ya Marekani ya Freeport-McMoRan ipate 15 na iendeshe mgodi, na asilimia 40 ziende kwa serikali ya Indonesia na makampuni yaliyokuwa karibu na Rais Suharto. Freeport, kama mnunuzi yeyote mwenye akili, ikaanza kwa kuchoronga yenyewe, pembeni kabisa mwa matundu ya Bre-X. Machi 19, de Guzman alianguka kutoka kwenye helikopta akiwa njiani kurudi Busang. Polisi walisema alijiua. Machi 26, Freeport ikatangaza kwamba dhahabu iliyoikuta ni kidogo mno isiyo na maana.

Siku iliyofuata hisa zilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya thamani yake, na wauzaji walikuwa wengi kiasi kwamba kompyuta za soko la Toronto zilizidiwa. Hata hivyo, kati ya siku hiyo na mwanzoni mwa Mei walikuwapo walionunua. Walisema Freeport imekosea, au inataka kuangusha bei iichukue Busang kwa bure. Kampuni nayo ilikuwa imeileta Strathcona, wataalamu huru wa Kanada, wachoronge upya na kuilinda kila sampuli hatua kwa hatua. Wengi waliamini ripoti hiyo ingewarudishia fedha zao.

Ripoti ilitoka Mei 4, 1997. Hapakuwa na dhahabu ya kuchimbika. Sampuli zilikuwa zimetiwa chembe za dhahabu kutoka nje kabla ya kufika maabara, na zilitiwa kwa miaka, katika maelfu ya mifuko. Wanaolima pamba kanda ya ziwa wanawajua wanaotia mchanga na maji ili mzigo uzidi uzito. Hii ilikuwa kazi ile ile, ila kwa mizani ya maabara.

Biashara ilipofunguliwa hisa ziliangukia kwenye senti. Mfuko wa pensheni wa walimu wa Ontario, wa watumishi wa manispaa wa jimbo hilo na wa watumishi wa umma wa Quebec ilipoteza mamilioni ya dola. Mifuko ya aina hiyo huwa imegawa fedha zake kwenye mamia ya hisa, ikaendelea kulipa wastaafu. Aliyekopa kwa dhamana ya nyumba ili anunue hisa moja tu hakuwa na mahali pa kuegemea. Novemba 1997 Bre-X ilitangazwa kufilisika.

Walsh alifariki mwaka 1998 huko Bahamas, akishikilia kuwa hakujua. Felderhof, aliyekuwa ameuza hisa za dola milioni 84 za Kanada kabla ya anguko, alishitakiwa Ontario kwa kuuza akiwa na siri za ndani, na mwaka 2007 mahakama ikamwachia huru. Alifariki mwaka 2019. Hakuna aliyewahi kutiwa hatiani kwa kuzitia sampuli zile.

Kilichobadilika ni sheria. Tangu mwaka 2001 kampuni ya madini iliyosajiliwa katika masoko ya Kanada haiwezi kutangaza kiasi cha dhahabu bila jina la mtaalamu mwenye sifa anayeibeba ripoti hiyo. Ripoti inapaswa kueleza sampuli zilichukuliwaje, zililindwaje hadi maabara na nani alizihakiki, na huwekwa wazi kwa umma bila malipo.

Kwa hiyo anayeletewa karatasi za kampuni ya namna hiyo, ziwe zimepitia kwa dalali, kwa shemeji au kwenye simu, ana mambo ya kutafuta kabla ya kutazama bei. Mtaalamu aliyetia sahihi ni nani, na je, ni mwajiriwa wa kampuni yenyewe? Alifika eneo la mgodi, au alipiga hesabu ofisini? Nusu ya mwamba imehifadhiwa wapi? Kuna maabara ya pili iliyorudia vipimo bila kupitia mikononi mwa watu wa kampuni? Na fedha iliyobaki benki inatosha miezi mingapi kabla hawajauza hisa nyingine na kukipunguza kipande chako?

Majibu yakikosekana ndani ya ripoti, barua iandikwe kwa kampuni na nakala itunzwe. Kuhusu dalali mwenyewe, kwa Tanzania majina ya wenye leseni hupatikana kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na kwa Kenya kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, Nairobi.