Kasoro Iko Chumbani au Nje ya Nyumba?

Agosti 2022 intaneti ya kasi ilifikishwa Horombo, kwenye Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Iweje, basi, kompyuta iliyo chumba cha nyuma katika nyumba ya Soweto, Moshi, iikose, ilhali ruta iko sebuleni?

Wengi hukimbilia kununua kifurushi kipya. Huko ni kutibu kabla ya kupima. Mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, yenye urefu wa sentimita 12 hivi, hupenya mbao kwa urahisi, hudhoofishwa na matofali ya saruji, na bati huyarudisha yalikotoka. Tangi la maji nalo huyameza. Yale ya gigahezi 5 huchoka upesi zaidi ukutani.

Mwanafunzi na aisogeze kompyuta hadi mita mbili kutoka kwenye ruta. Mawasiliano yakirudi, mkosaji ni ukuta au umbali. Ruta iwekwe juu, katikati ya nyumba. Yasiporudi, aunganishe kwa waya. Waya ukifaulu, kasoro imo katika redio ya kompyuta au ya ruta (pengine imezimwa tu, jambo dogo linalowaaibisha hata mafundi). Waya nao ukishindwa, ndipo atazame salio la kifurushi, kisha ampigie simu mtoa huduma.