Kunyoosha Nywele kwa Moto Nyumbani

Mkesha wa sikukuu au wa arusi, katika nyumba nyingi kitana cha chuma huwekwa juu ya makaa, na wasichana huitwa mmoja mmoja wakachomwe nywele. Desturi hii haina aibu, wala hatuandiki ili kuikataza. Lakini mara nyingi hufanywa bila maarifa, na alipaye ni mtoto aliyeungua sikio. Kwa hiyo twapenda kuwaeleza akina mama, na walimu wa wasichana pia, jinsi moto ufanyavyo kazi katika unywele, na mpaka wake ni upi.

Chombo chenyewe si cha jana. Huko Paris, mwaka 1872, msusi Marcel Grateau alianza kutengeneza nywele kwa koleo za chuma zilizopashwa moto. Wengi husema kwamba kitana cha moto kilibuniwa na Madam C. J. Walker, mwanamke mweusi wa Marekani aliyeishi miaka ya 1867 hata 1919. Sivyo; kilikuwako kabla yake, yeye alisaidia kukieneza. Katika nyumba za watu weusi wa nchi ile kazi hii ilifanyika jikoni, aghalabu Jumamosi jioni, ili Jumapili watu waende kanisani wakiwa nadhifu.

Sasa tutazame unywele wenyewe. Umejengwa kwa keratini, kitu kile kile kilicho katika kucha zetu. Ndani yake mna vifungo vya namna mbili. Vilivyo dhaifu hufunguka kwa maji au kwa moto, kisha hujifunga tena unywele ukikauka na kupoa, vikaushika jinsi ulivyonyooshwa. Vilivyo na nguvu, vya salfa, havifunguki kwa moto wa kadiri, navyo husaidia kuyalinda mapindo ya asili. Basi unyoofu wa moto ni wa kuazima tu. Mvua, jasho, au unyevu wa pwani ukizifikia nywele, hujikunja tena.

Wengi huudhika kwa kurudi huko, wakaongeza moto. Kumbe kurudi ndiko dalili ya uzima! Nywele zikioshwa zisijikunje tena, zikaning'inia kama nyuzi, zimekwisha kuungua. Hapana mafuta yatakayoziponya. Dawa yake ni kuzikata na kungoja mpya, nazo hukua kadiri ya sentimita moja kwa mwezi.

Atakaye kunyoosha na afuate haya. Kwanza, nywele zioshwe na kukaushwa kabisa; maji yakibaki ndani, moto huyageuza kuwa mvuke, nao huuharibu unywele kwa ndani. Pili, zichanwe kwa chanuo la meno mapana, zigawanywe mafungu membamba. Tatu, mafuta yawe kidogo tu, maana yakizidi hutiririka yangali moto mpaka kwenye ngozi. Nne, kitana kijaribiwe juu ya karatasi nyeupe. Ikigeuka rangi, kingoje kipoe. Mwenye pasi ya umeme yenye kipimo asivuke digrii 180 za Sentigredi. Tano, chuma kisiguse ngozi, sikio likunjwe na kufunikwa kwa kitambaa, na kila fungu lipitishwe mara moja au mbili, si zaidi. Mtoto asiyeweza kutulia asisogezwe karibu na chuma cha moto.

Tena iko njia ya bibi zetu: kuzungushia nywele uzi toka shinani hata nchani, na kulala hivyo. Asubuhi uzi ukifunguliwa nywele zimenyooka kwa kiasi, wala hapakuwa na moto. Na yeyote aonaye utosi wake wapungua nywele, aache kuzichoma, aende kwa daktari mapema. Shina likiisha kuwa kovu halioti tena.

Lakini liko jeraha lisiloonekana. Mtoto aambiwapo kila mkesha, "Njoo tuziondoe nywele zako mbaya," husadiki. Atakua akidhani kwamba hali aliyozaliwa nayo ni kosa la kufichwa, na ya kuazima ndiyo njema. Atajificha na mvua, atakataa kucheza asitoke jasho. Mama na aseme, "Leo tutazinyoosha, kesho kutwa zitarudi, na namna zote mbili ni zako." Naye mwalimu asimsifu aliyechomwa nywele na kumpita mwenziwe aliyesukwa. Unadhifu ni kuosha, kuchana na kutunza; hauhitaji makaa.

Twawasihi wazazi waulize kabla ya kuweka kitana jikoni. Msichana akipenda, afanyiwe kwa uangalifu. Akikataa, asukwe, naye ahesabiwe amepambwa sawasawa na wenziwe.