Mawe katika Mfuko wa Nyongo

Ukichinja kuku, unaona kifuko cha kijani kilichoshikamana na ini, nawe unakiondoa polepole kisipasuke na kuharibu nyama kwa uchungu wake. Wewe nawe unacho kifuko kama hicho, chini ya ini, upande wa kuume. Ini linafanya nyongo mchana na usiku, na kifuko kinaiweka. Unapokula mafuta, kinajikaza na kuisukuma matumboni ili mafuta yayeyuke.

Pengine nyongo inaganda humo na kuwa mawe. Watu wengi wanayo na hawasikii neno lolote. Hao, kwa kawaida, hawana haja ya kupasuliwa. Lakini jiwe likiziba mlango wa kifuko, maumivu yanakuja. Jioni umekula nguruwe au sombe yenye mawese mengi. Usiku unashikwa chini ya mbavu, maumivu yanapanda mpaka bega la kuume, unatapika. Baada ya saa chache yanaacha. Usiseme umerogwa.

Wanawake, hasa waliozaa mara nyingi, wanayapata kuliko wanaume. Vilevile watu wanene na waliopita miaka 40. Lakini kwetu Congo hata watoto wanayapata. Mtoto mwenye ugonjwa wa SS, damu yake inavunjika upesi, na rangi yake inaingia katika nyongo na kufanya mawe meusi. Mama, huyo akilia tumbo, usidhani kila mara ni SS yenyewe. Mlete.

Mganga atabonyeza chini ya mbavu na kukuambia uvute pumzi. Kisha atatazama kwa mashine ya ekografia, nayo haiumizi. Uje bila kula tangu usiku.

Dawa ya maumivu inatuliza tu. Wengine wanakunywa mafuta na maji ya ndimu, halafu wanaona vipande vya kijani chooni na kufurahi. Ni mafuta yaliyogeuka kama sabuni. Mawe yako pale pale. Dawa ya kweli ni kuondoa kifuko chote, maana kikibaki kitafanya mawe mengine. Kazi hii ilifanywa mara ya kwanza Berlin, mwaka 1882. Bila kifuko utaishi vizuri, ini litamwaga nyongo yake matumboni.

Lakini ukiona homa na kutetemeka, macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai, au maumivu yasiyoacha kwa saa 6, usiseme ni malaria tu. Njoo siku ile ile, hata usiku kwa pikipiki, wala usile kitu njiani, kwa kuwa labda utapasuliwa.