Madoa Mekundu ya Mtama ni Kinga

Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, ni nchi ya mvua haba, na mtama huivumilia hali hiyo kuliko mahindi. Chuma jani la mtama wa kienyeji shambani ulitazame. Aghalabu utakuta madoa mekundu au ya zambarau. Mkulima huona ugonjwa, wala hakosei, kwani kuvu imeingia. Lakini rangi ile ni ya mtama wenyewe, unapambana.

Chembe ya kuvu ikitua kwenye jani bichi huota uzi mwembamba unaotoboa ngozi ya jani. Seli iliyo chini yake huongeza unene wa ukuta pale pale panapotobolewa. Uzi ukipenya, ndani ya seli hujitokeza vifuko vidogo visivyo na rangi. Husogea hadi alipo adui, huiva vikawa vyekundu, kisha hupasuka na kumwaga sumu. Kuvu huzuiwa, na seli nayo hufa. Snyder na Nicholson wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walilieleza jambo hili mwaka 1990.

Punje nayo ina silaha yake. Baadhi ya mitama ya hudhurungi ina tanini nyingi chini ya ganda. Ndiyo ule ukakasi mdomoni. Tanini huchelewesha ukungu mvua ikikuta masuke yamekomaa, na ndege huikwepa. Mtama mweupe hutoa ugali mtamu zaidi, lakini usipovunwa mapema huoza haraka.

Kinga hizi zina mipaka. Ukame ukiudhoofisha mmea, wadudu wakatoboa punje au nafaka ikaanikwa chini kwenye udongo, kuvu hupata njia na yaweza kuacha sumukuvu. Mwaka 2016, mikoani Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 wakafariki. Chakula kilichohusishwa ni mahindi.

Kwa hiyo usiung'oe mtama kwa sababu ya madoa machache. Vuna mara unapokomaa, anika juu ya turubai, hifadhi nafaka unyevu wake ukishafika asilimia 13 au chini yake, na magunia yakae juu ya chaga. Punje zenye ukungu zitenge, wala usiwape kuku au kuzipikia pombe: sumukuvu haiondoki kwa moto wa jikoni.