Shing'weng'we Linafananaje? Jinsi ya Kuchora Zimwi kwa Kusoma Wanyama wa Kweli

Hapa ni Bariadi!

Fungua daftari la kijana yeyote wa hapa mjini anayependa kuchora, hukosi kukuta joka: mabawa kama ya popo, magamba, moto unatoka mdomoni. Joka hilo asili yake ni Ulaya, sisi limetufikia kwa muvi na magemu. Kulichora sio dhambi. Ila Usukumani tunalo zimwi letu wenyewe, Shing'weng'we, na ukimwambia kijana huyo huyo alichore atakuuliza, "kwani linafananaje?" Hapo ndipo kazi ilipo.

Kwa wasioijua hadithi: zimwi hilo lilimeza watu wote na ng'ombe wao, akabaki mama mmoja mjamzito aliyejificha kwenye pumba. Mama akajifungua Masala Kulangwa. Mtoto alipokua akaanza kulisaka zimwi bila kujua sura yake. Akaua panzi, akampelekea mama, akaambiwa hapana mwanangu, huyo ni panzi tu. Akaleta ndege, akaleta swala, jibu lile lile. Mwisho akalipata lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wazima.

Cheki alichofanya Masala: alilifikia zimwi kwa kupitia wanyama wa kweli, mmoja mmoja. Mchoraji naye anapita njia hiyo hiyo. Leonardo da Vinci, yule mchoraji wa Italia, aliwashauri wenzake miaka kama 500 iliyopita kwamba mnyama wa kubuni ataonekana wa kweli kama kila kiungo chake kinafanana na cha mnyama aliyepo. Kwa joka alipendekeza kichwa cha mbwa, macho ya paka, masikio ya nungunungu, shingo ya kobe wa majini. Hata Terryl Whitlatch, mmoja wa waliobuni viumbe wa filamu ya Star Wars ya mwaka 1999, alisomea wanyama kwanza.

Lakini kubandika kichwa cha huyu kwenye mwili wa yule hakutoshi. Lazima ujue kila kiungo kinafanya kazi gani. Hadithi inatuambia kazi ya Shing'weng'we ni moja: KUMEZA. Basi tuanzie hapo.

1. MDOMO
Nani anameza kitu kikubwa kuliko kichwa chake? Chatu. Taya lake la chini lina vipande viwili, kushoto na kulia, na pale kidevuni havijaungana kwa mfupa kama sisi, vimeshikwa na nyama inayovutika. Meno yamepinda kuelekea ndani, kikishaingia kitu hakitoki. Wakati anameza, anasogeza tundu la hewa mbele mdomoni ili aendelee kupumua. Na hana mfupa wa kidari, hivyo mbavu zinapanuka. Ukichora hayo yote, mtazamaji ataamini hata kama hajui kwa nini. Ukitaka mdomo wa kutisha zaidi, mtazame kiboko: anaufungua mpaka nyuzi kama 150.

2. MIGUU
Lililomeza nchi nzima lazima liwe kubwa, na ukubwa una hesabu yake. Mnyama akirefuka mara 2 kila upande, uzito unaongezeka mara 8, lakini unene wa mfupa wa mguu (ukiukata katikati) unaongezeka mara 4 tu. Galileo alilieleza jambo hili mwaka 1638. Ndio maana tembo ana miguu minene iliyonyooka kama nguzo, wakati swala anatembea na vijiti. Ukimpa zimwi mwili wa mlima na miguu ya mbuzi, jicho litakataa.

3. TUMBO
Watu walitoka wazima, kwa hiyo lile tumbo lilikuwa na ghala. Ng'ombe analo: tumbo lake lina vyumba 4, na cha kwanza kwa ng'ombe mkubwa kinabeba zaidi ya lita 100. Ndio ule utumbo wenye manyoya manyoya kama taulo unaokutana nao kwenye supu. Majani yanakaa humo kwanza, halafu anayarudisha mdomoni kucheua. Zimwi linalocheua! Fikiria linavyolala jioni linatafuna taratibu, na humo ndani kuna kijiji.

4. GOTI LA NYUMA
Hapa wengi tunachemka. Tunadhani ng'ombe, mbuzi na mbwa wana goti lililopinda kinyumenyume. Lile sio goti, ni kisigino! Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, na linapinda kuelekea mbele kama lako. Ng'ombe anatembea kwa ncha za vidole, na kwato ni ukucha. Ukilijua hili, hata mnyama asiyekuwepo duniani atasimama vizuri kwenye karatasi yako.

5. MACHO
Simba na chui macho yanatazama mbele, wapime umbali wa windo. Swala na mbuzi yako pembeni, waone adui kila upande. Amua: Shing'weng'we linawinda au linaogopa? Mimi ningeyaweka mbele.

SASA UCHORE WAPI?
Huhitaji hela ya kiingilio cha Serengeti. Nenda mnadani na kaunta buku na penseli. Usianze na sura kamili, mnyama hatakusubiri. Chora mstari wa mgongo kwanza, halafu duara la mbavu, duara la nyonga, kichwa, kisha miguu. Mpe sekunde 30, hamia kwa mwingine. Kurasa zako za mwanzo zitakuwa takataka, ni kawaida. Buchani waombe wakuoneshe kiungo cha goti na kwato. Chatu unaweza kumwona kwenye ngoma za Bayeye, wale wanaocheza na nyoka. Kiboko usimfuate kabisa majini kule Busega, anaua.

Na hili ni muhimu: ukiokota fuvu, jino au pembe ya mnyamapori usibebe nyumbani. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 hizo ni nyara za serikali, na kukutwa nazo bila kibali ni kesi. Fuvu la mbuzi linatosha kujifunzia, liko kila mahali na halina kesi.

KWA NINI NAYASEMA HAYA
Wamakonde wametutangulia. George Lilanga (1934–2005) aliyapa mashetani ya kwao masikio makubwa, midomo mipana na vidole vichache. Kazi zake zimeoneshwa Ulaya, Marekani na Japani, na mtu akiziona anajua hii ni Tanzania. Shing'weng'we bado linaishi zaidi kwenye midomo ya bibi na babu zetu. Wanaosimulia wanapungua kila mwaka. Siku kampuni ya mbali ikilichora kwa ajili ya gemu, italipa mabawa ya popo, na watoto wa Maswa, Meatu na Itilima watakua wakidhani ndivyo lilivyo.

Kwa hiyo wiki hii fanya mambo mawili. Kwanza mwulize mzee mmoja lilikuwa linatembeaje, lilinuka nini, lilitoa sauti gani. Kila kijiji kitakuwa na lake, andika yote. Pili jaza kurasa 10 za ng'ombe, mbwa, kinyonga, chochote kinachopita mbele yako. Ndipo uanze zimwi.

Masala alileta panzi, akakataliwa, akarudi tena porini. Na wewe ukileta panzi usikate tamaa.

Haya, kwenu lilisimuliwa vipi? Mwageni maoni hapo chini. Nawakilisha!