Neno "Answer" na Hatari ya Kiungo Kidogo

Kila ajifunzaye Kiingereza hulijua neno "answer" tangu siku zake za kwanza darasani, akaambiwa kwamba maana yake ni kujibu. Mafundisho hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Leo twataka kulitazama neno hili kwa makini, kwa kuwa kiungo kidogo kikifuata nyuma yake chaweza kumtwisha mtu mzigo asioutaka.

Kwanza, "answer" halihitaji kiungo mbele ya kitu kinachojibiwa, kama sisi tusemavyo, "Nimeijibu barua yako." Mwenzake, "reply", hudai "to" kabla ya barua au ya mtu. Tena "reply" hutumika zaidi kwa maneno, bali "answer" hufaa hata kwa tendo. Kwetu abishaye hodi huitikiwa "Karibu". Mwingereza asemapo "answer the door", maana yake ni kwenda kumfungulia mgeni mlango. Na "answer the telephone" ni kuipokea simu.

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Mtu amwombea ndugu yake kazi ya kutunza fedha. Ndugu hajui Kiingereza, basi yeye amjibia maswali ya tajiri kwa barua, akaandika, "I answer for my brother." Nia yake ni kusema, "Namjibia ndugu yangu." Lakini tajiri aweza kufahamu, "Namdhamini. Akikosa, niulizeni mimi." Siku fedha zikipotea, barua ile italetwa mbele yake. Ingalikuwa salama kuandika, "I answer on behalf of my brother."

Kwa nini neno la kujibu libebe dhamana? Asili yake yatuonyesha. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "andswaru". Sehemu ya kwanza ina maana ya kukabili au kupinga. Ya pili ni ya ukoo mmoja na "swear", yaani kuapa. Hapo kale, basi, jibu lilikuwa kauli ya kiapo ya kukanusha mashtaka. Ndiyo sababu hata leo "answer for" huambatana na hatia na madaraka.

Basi, kabla ya kutia sahihi yako, litazame neno lifuatalo "answer". Likiwa ni "for", jiulize kama u tayari kuulizwa wewe.